Ninataka kazi ya kuhudumia wazee hapa Tanga: nianzie wapi?

Binti wa Makorora

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu. Ninaishi Makorora, jijini Tanga, nina umri wa miaka 22, na ninaomba ushauri kwa wanaoifahamu kazi ya kuwahudumia wazee, kwa kuwa ninataka iwe ndiyo kazi yangu ya maisha wala si kibarua cha kupitishia wakati. Nilimuuguza bibi yangu tangu alipopatwa na kiharusi kilichompooza upande wa kulia hadi alipofariki dunia, na katika muda huo nilijifunza kumlisha, kumgeuza, kumwogesha na kufuatilia dawa zake za presha. Baadhi ya hayo nilielekezwa na wauguzi siku za kliniki, na mengine niliyapata kwa kufanya tu. Nilimaliza kidato cha nne nikiwa na D za Baiolojia, Kemia, Kiswahili, Jiografia na Uraia, ila Fizikia sikufaulu.

Kuna familia moja ya Raskazone imeniomba nikakae na baba yao, mzee wa miaka 81 mwenye kisukari ambaye ameanza kusahau sana, na wanasema habari ya malipo tutaelewana nikishaanza. Kuna pia wakala aliyemwambia shangazi yangu kwamba anaweza kunipatia kazi ya namna hiyo Uingereza iwapo tutamlipa kwanza ada ya kushughulikia viza. Mama yangu hapendi lolote kati ya hayo mawili. Anaona kwamba nitakuwa mtumishi wa ndani kwa jina jingine, na kwamba kumwogesha mzee wa watu kwa mshahara kutanishushia heshima mtaani. Ninaomba mniambie nisome nini, nianzie wapi, na nimjibu mama vipi.

Muuguzi wa Chumbageni

Marahaba mwanangu. Nilifanya kazi ya uuguzi wodini hadi nilipostaafu, na mpaka leo ninaitwa majumbani kuwaangalia wazee wasioweza tena kuinuka kitandani. Utaniwia radhi nikianza na kazi yenyewe kabla ya vyeti, kwa sababu ninakutana na watu wengi wenye huruma ya kweli ambao wagonjwa wao wanaumia kwa mambo yanayozuilika.

Anza na ngozi. Mzee akilalia upande mmoja kwa muda mrefu, damu haipiti vizuri pale mfupa unapokaribiana na ngozi, yaani kwenye visigino, nyonga, mabega na ule mfupa wa chini ya kiuno, na nyama ya mahali hapo huanza kufa ndani kabla kidonda hakijatokeza nje. Vitabu vingi husema dalili ya mwanzo ni wekundu, lakini kwenye ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Utakachokiona ni sehemu iliyokoza rangi kuliko kawaida yake, na ukiigusa kwa mgongo wa vidole utahisi ina joto zaidi, au imekakamaa, au imelegea kuliko ngozi iliyo jirani nayo. Kwa hiyo kila unapomwogesha mkague mwili mzima penye mwanga wa kutosha. Wodini tulikuwa tukimgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na tukimwekea mto chini ya miguu, kuanzia magotini hadi karibu na vifundo, ili visigino visiguse godoro kabisa. Unapompandisha juu kitandani usimburute juu ya shuka. Tafuta mtu wa pili mmnyanyue pamoja kwa shuka iliyokunjwa chini yake, kwa kuwa ngozi ya uzeeni ni nyembamba na msuguano huichuna. Wengi hapa kwetu wakiona mahali pamebadilika rangi hupasugua kwa mafuta ya nazi wakidhani wanarudisha damu. Usifanye hivyo, kwani kusugua huzidi kuiharibu nyama iliyokwisha kuumia. Kinachotakiwa ni kumwondolea uzito mahali hapo.

Katika kulisha, mzee awe amekaa wima, kidevu kimeinama kidogo, apewe kijiko kidogo na umsubiri ameze kabla ya kijiko kingine, kisha abaki amekaa kwa muda wa nusu saa. Aliyepatwa na kiharusi hupaliwa zaidi na maji na chai kuliko uji mzito, jambo ambalo familia nyingi hulichukulia kinyume. Ukisikia sauti yake imekuwa ya majimaji baada ya kumeza, au anakohoa kila anapokunywa, simamisha na umjulishe daktari, kwa maana chakula kinachoingia njia ya hewa huleta homa ya mapafu, na homa hiyo huwaua wazee wengi waliopooza. Nguo nayo ina utaratibu wake: unapomvisha unaanza na mkono uliopooza, na unapomvua unaanza na mkono mzima, ili bega lililolegea lisivutwe.

Kwa kuwa huyo mzee wa Raskazone ameanza kusahau, shika sana neno hili. Ugonjwa wa kusahau huja polepole, kwa miezi na miaka. Mzee aliyekutambua jana jioni na leo asubuhi hakutambui, au amekuwa mkali ghafla, au analala tu mchana kutwa, huyo amepatwa na jambo jipya: huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, ni mapafu, ni upungufu wa maji mwilini, ni sukari iliyoshuka au ni dawa aliyoanzishiwa karibuni. Wapo ndugu watakaokuambia kwamba huo ni uzee tu. Wewe mpime sukari, kisha sisitiza apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Sasa masomo. Vyuo vya uuguzi kwa ngazi ya cheti na stashahada hudai ufaulu wa angalau masomo manne yasiyo ya dini, yakiwemo Kemia, Baiolojia na Fizikia, kwa hiyo kinachokuzuia ni somo moja. Kama unaipenda kazi hii kwa dhati, jiandikishe kuirudia Fizikia kama mtahiniwa wa kujitegemea, maana chuo cha uuguzi kipo hapa Tanga na kingine kipo Korogwe, na ukimaliza na kusajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga unakuwa na leseni inayotambulika popote nchini. Wakati unasubiri, fika ofisi ya serikali ya mtaa wako uulizie mafunzo ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Serikali ilizindua mpango wao Januari 2024, mafunzo huchukua miezi sita, na washiriki huchaguliwa katika mitaa na vijiji vyao wenyewe. Ukiona moyo wako unaelekea zaidi kwenye haki za wazee, familia na makazi yao kuliko dawa na vidonda, Taasisi ya Ustawi wa Jamii iliyoko Kijitonyama, Dar es Salaam, ina masomo ya ustawi wa jamii kuanzia ngazi ya cheti, na hayo hayadai Fizikia. Chuo chochote kitakachokuvutia kwa tangazo, hakikisha kwanza kwamba kimesajiliwa na NACTVET, yaani Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi na Ufundi Stadi.

Kabla ya yote hayo, nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa jiji, umwombe barua ya kujitolea katika makazi ya wazee ya Mwanzange. Huko utakutana na wazee ambao si ndugu zako, ambao hawana sababu ya kukupenda siku ya kwanza, na ndipo utakapojua kama kazi hii ni yako.

Mwana wa Pangani

Dada, mimi ninaandika nikiwa upande wa mwajiri. Ninafanya kazi Dar es Salaam na baba yangu yuko Pangani chini ya uangalizi wa kijana tuliyemwajiri, kwa hiyo maneno ya kwamba malipo mtaelewana ukishaanza yamenishtua. Ukishaanza, mzee atakuzoea, nawe utakuwa umempenda, na hapo utaona aibu kudai. Mshahara uandikwe kabla hujalala usiku hata mmoja katika nyumba ile.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamhusu pia mtu anayeajiriwa nyumbani. Saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, mfanyakazi ana haki ya kupumzika saa 24 mfululizo kila wiki, na ana likizo ya mwaka ya siku 28 yenye malipo. Kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 juu ya malipo ya kawaida. Fikiria basi mzee anayeamka mara kwa mara usiku akitaka kwenda kazini kwake bandarini alikostaafu zamani: nani atakuwa naye saa hizo, na wewe utalala lini? Familia ikikujibu kwamba utakuwa naye wewe usiku na mchana, siku zote saba, basi hawajakaa chini wakaifikiria hali ya baba yao, na atakayeumia wa kwanza ni yeye, kwa sababu mtu asiyelala hukosea dawa.

Waombe wakuandikishe NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, ambako mchango ni asilimia 20 ya mshahara na sehemu yako haizidi nusu yake. Waulizie pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri peke yake. Kazi hii ya kuinua watu huharibu migongo, nami nimeona mhudumu mmoja kijijini kwetu akirudi kwao hawezi kuinama, mikono mitupu. Mkataba utaje kazi zako kwa majina: chakula cha mzee, usafi wake, nguo zake, chumba chake, dawa na safari za kliniki. Usipoandikwa hivyo, mwezi wa pili utakuta unafua mashuka ya nyumba nzima.

Sisi kwetu tuna daftari linalokaa juu ya meza ya mzee. Kila siku kijana anaandika saa ya dawa na jina la dawa, alichokula na kiasi alichobakiza, amekwenda haja mara ngapi, kipimo cha sukari au presha, na jambo lolote lisilo la kawaida. Nyuma ya daftari anaandika fedha alizopokea za matumizi na kubandika risiti. Daktari akilisoma hupata picha nzima kwa dakika chache. Ndugu zangu wakifika wakiwa na mashaka ya fedha hulisoma pia, na mashaka huishia hapo. Nunua la kwako hata kama hawajakuagiza.

Kwa mama yako, ninadhani hofu yake ni ya haki, kwa kuwa ameona mabinti wa watu wakitumikishwa. Mpelekee mkataba uliosainiwa, wenye mshahara, siku ya mapumziko na jina la kazi, auone kwa macho yake. Ikiwezekana aende na wewe siku ya kwanza, aongee na watoto wa mzee mama kwa mama.

Mtanga wa Leicester

Mdogo wangu, ninafanya kazi katika nyumba ya wazee hapa Uingereza, na nimeona nikujibu haraka kuhusu huyo wakala kabla shangazi hajatoa hela.

Wahudumu wa wazee waliruhusiwa kuombewa viza ya kazi za afya na huduma kuanzia Februari 2022, na watu wengi kutoka Afrika tuliingia kwa njia hiyo. Tarehe 11 Machi 2024 wahudumu wapya walizuiwa kuja na wenza na watoto wao, na tarehe 22 Julai 2025 njia hiyo ikafungwa kwa waombaji wapya walioko nje ya nchi. Wauguzi wenye leseni bado wana njia yao, lakini kwa mtu mwenye sifa ulizozitaja, kazi anayoiuza wakala huyo haipatikani kwa viza hiyo. Tena sheria za huku zinakataza wakala kumtoza mtafuta kazi ada ya kumtafutia kazi. Niliwafahamu watu waliouza viwanja nyumbani, wakafika hapa na kukuta mwajiri hana wazee wa kuwahudumia kabisa. Huko nyumbani nako, wakala binafsi wa ajira anatakiwa awe na leseni ya Kamishna wa Kazi. Mwambieni awaonyeshe, kisha mwende ofisi ya kazi mkaihakiki wenyewe, msitosheke na nakala ya kwenye simu.

Ukitaka nje kwa njia iliyonyooka, irudie hiyo Fizikia uliyoambiwa na mama wa Chumbageni. Ujerumani pia wana mafunzo ya uuguzi ya miaka mitatu ambayo mwanafunzi hulipwa posho ya kila mwezi akiwa anajifunza, na tangu 2020 mafunzo ya kuuguza wagonjwa, watoto na wazee yameunganishwa kuwa fani moja. Sharti kubwa ni Kijerumani, kwa kawaida cha kiwango cha B1 au B2, yaani cha kati, ambacho ni kazi ya mwaka mzima na zaidi kwa mtu anayeanza sifuri.

Kuna jambo moja la huku ambalo ningependa ulichukue hata kama hutatoka Tanga. Sheria ya mwaka 2005 ya Uingereza na Wales inataka kila mtu mzima achukuliwe kuwa ana uwezo wa kujiamulia mpaka ithibitike vinginevyo, hata awe amesahau jina la mwanawe. Mzee anaulizwa aoge sasa au baada ya chai, avae shati lipi, alale saa ngapi. Nilipoanza niliona ni kupoteza muda, nimekuja kuona kwamba mzee anayeulizwa hagombi na mhudumu wake. Muulize huyo mzee wa Raskazone, hata kama wanawe wamekwisha kukujibia.

Binti wa Makorora

Ninawashukuru sana, na shangazi nimekwisha kumsomea maneno ya Leicester, amerudisha fedha kabatini. Nina maswali mawili ambayo naona haya kumuuliza mtu uso kwa uso. Huyu ni mzee wa kiume, nami ni msichana. Habari ya kumwogesha na kumpeleka chooni nitaifanyaje bila ya kumvunjia heshima yeye wala mimi? La pili, wanawe wameniambia hakubali kuacha kufunga Ramadhani, naye anameza vidonge vya sukari. Nikiwa naye mwezi huo nifanye nini?

Muuguzi wa Chumbageni

Maswali haya waulize wanawe kabla ya kuanza, mwanangu, wala usione haya, kwani familia ya heshima itafurahi kuulizwa. Kama mzee ana mtoto wa kiume au mjukuu aliye karibu, kuoga iwe kazi ya huyo, nawe ushughulikie mengine. Siku ambayo hapana budi, mwombe ruhusa kwanza kwa jina analopenda kuitwa, funga mlango na dirisha, mfunike shuka au kikoi mwili mzima, na ufunue sehemu unayoisafisha tu kisha uifunike kabla ya kuendelea na nyingine. Anachoweza kukifanya mwenyewe mpe kitambaa akifanye, hasa sehemu za siri. Vaa glovu, na usizungumze na mtu mwingine wakati huo kama kwamba mzee hayupo. Akikataa siku hiyo, muache. Uso, mikono, kwapa na sehemu zinazochafuka zikisafishwa, mwili mzima unaweza kusubiri kesho.

Kuhusu saumu, suala hili liamuliwe wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kwa daktari wake, wala lisiachiwe wewe. Baadhi ya vidonge vya kisukari, glibenklamaidi ni mojawapo, hushusha sukari kwa nguvu kwa mtu asiyekula mchana kutwa, na kwa mzee wa miaka 81 hatari hiyo ni kubwa. Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na asiyetarajiwa kupona hulisha maskini kwa kila siku aliyoiacha. Mara nyingi mzee aliyemkatalia daktari hukubali akiambiwa na imamu wa msikiti wake, kwa hiyo familia imwombe imamu aje nyumbani azungumze naye. Akifunga pamoja na hayo yote, mpime sukari asubuhi, mchana na alasiri. Ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, au akitoka jasho la baridi, akitetemeka au akiongea maneno yasiyoeleweka, saumu ikatishwe papo hapo kwa maji ya sukari au juisi ikiwa anaweza kumeza. Akipoteza fahamu usimtie kitu kinywani, mkimbizeni hospitali. Na kwa kuwa anasahau, usitegemee kauli yake kwamba amekula daku au amemeza dawa. Tazama daftari.

Mhudumu wa Kaole

Habari za Tanga. Mimi ni mwanamume, ninafanya kazi hii Bagamoyo, na ninaongezea machache. Waambie ndugu zako wa kiume wasiione kazi hii kuwa ya wanawake, maana wazee wa kiume wanaohitaji kuinuliwa na kuogeshwa ni wengi na sisi tunaoifanya ni wachache. Hapa kwetu ninaitwa na familia nyingi kuliko ninazoweza kuzipokea.

Dada, usihamie Raskazone moja kwa moja. Omba wiki ya kwanza uende mchana tu, mmoja wa watoto wake akiwepo, umjue mzee na yeye akujue. Siku hiyo ya kwanza omba kuona kadi yake ya kliniki na dawa zote zilizomo ndani ya nyumba, hata zile za zamani zilizo kwenye mifuko, kwa sababu nimewahi kukuta mzee akipewa dawa ileile mara mbili kwa majina mawili ya viwandani. Uliza ni nani atakayepokea simu saa nane usiku, ni gari gani litakalompeleka hospitali ya Bombo, na fedha za dharura zinakaa wapi. Angalia choo: kama hakina mahali pa kushika na sakafu inateleza, waombe wafunge chuma ukutani kabla hujaanza, kwani mzee akianguka na kuvunjika nyonga mambo yote hubadilika. Ukishapata majibu na rasimu ya mkataba, ondoa majina na uiweke hapa tuisome pamoja kabla hujasaini.